Shikamoo ya Bibi Vera

Hopkins, Minnesota
19 Oktoba 1996

Mpendwa Baba Mdogo Jeremiah,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na kahawa, mmemaliza kuchuma? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi imeshaanza kubisha hodi na sijawa tayari kuifungulia.

Chuo kinaendelea vizuri. Jioni nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Hopkins. Wote nawaamkia shikamoo, maana siwezi kumwita mtu wa miaka themanini kwa jina tupu. Nimewafundisha kujibu marahaba, nao wameipenda.

Sasa nikupe kisa, wewe uliyefanya kazi na Wachina kwenye Reli ya Uhuru. Tunaye Mzee Liang, miaka sitini na sita, injinia wa reli kama wale wa kwenu. Alisomea Moscow enzi Warusi na Wachina wakiitana ndugu. Halafu serikali zao zikagombana, wakafika hata kupigana risasi mpakani, na yeye akateswa kwao kwa sababu tu anajua Kirusi. Vitabu vyake alivichoma kwa mkono wake mwenyewe.

Tunaye pia Bibi Vera, Mrusi wa miaka themanini na miwili. Amezaliwa Harbin, mji wa Uchina uliokua kutokana na reli ya Warusi. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema hawa ni majirani, nikawaketisha meza moja. Bibi kwa furaha akamtolea Kichina chake chote: lete chai, haraka! Ndicho alichojifunza utotoni, cha kuwatuma watumishi wa baba yake.

Mzee Liang akasimama, akaondoka. Siku tisa hakutoka chumbani, na chakula akawa anakigusa tu.

Margaret, Mmeru wa Kenya anayesimamia zamu yetu, akanivuta pembeni. "Haika, huyu mzee asipokula this week, binti yake atam-move ampeleke home ingine huko Lakeville. Na ni wewe ulimkalisha hapo." Nililia chooni, Baba Mdogo. Nampenda yule mzee, na kosa lilikuwa langu.

Nikamweleza Bibi Vera kila kitu. Akaniambia kwamba Kichina chake ni cha kuamrisha, na Kirusi chake ndicho kilichomponza mwenzake, sasa aombe radhi kwa lugha gani?

Jumanne alishika mkongojo wake, tukaenda wote mpaka mlangoni kwa mzee, mimi na trei ya chai. Akamimina mwenyewe. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Mtu wa themanini na mbili kumwamkia wa sitini na sita! Nilifungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Mzee Liang alimtazama weee, kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili. "Marahaba," akasema.

Siku hizi wanakula meza moja na kubishana kwa Kirusi. Kuna siku wananuniana, yaliyopita hayajafutika. Lakini mzee ameanza kunenepa, na mimi nina furaha tele.

Nisalimie Mama Mdogo Laurencia, Brigitha na Gasto. Mzee Liang naye anakusalimu, anauliza kama treni bado zinapita kwenye reli yenu. Mungu awatunze wote, awape mvua kwa wakati wake.

Nakuamkia tena kabla sijafunga bahasha, hii ya kawaida, ya mdogo kwa mkubwa: shikamoo.

Binti yako akupendaye,
Haika