Chupa ya Mzee Nchagwa

Liz, ngoja nikuambie ya leo sokoni.

Unajua ile mashine ya kupima mafuta ya kupikia niliweka dukani, watu waje na chupa zao. Leo Mzee Nchagwa amekuja na yake. Nikanusa kabla ya kujaza. Liz, ilikuwa inanuka dawa ya kuogesha ng'ombe, ile sumu ya kuua kupe.

Nikamwambia, "Mzee, hii siwezi kujaza. Chukua hii yangu safi, ni bure."

Akasema, "Nimeiosha na maji moto. Ama chupa ya mtu wa ng'ombe ni chafu kwako?" Mbele ya foleni yote. Chupa ya mtu wa ng'ombe.

Akaenda duka la pili na huko wakamjazia. Hawakunusa, hawakuuliza.

Nikamkimbilia na aproni yangu, nikamnyang'anya chupa, nikamwaga mafuta yote kwa mtaro. Soko lote linanitazama. Mzee wa watu karibu alie, ananiuliza, "Nimekukosea nini, msichana?"

Ndio mke wake akatokea. Akaangalia chupa mkononi mwangu, akamwuliza mzee kwa sauti ya chini, "Si hii ndio ile ya dawa nilificha nyuma ya zizi?"

Yule mama akanishika mkono. Wajukuu sita wanakula kwake, Liz.

Na sasa soko linasema nini? Eti Beverlyne anamwaga mafuta ya watu wakinunua kwingine. Foleni yangu yote imehamia duka la pili, na huko bado hakuna anayenusa chupa.