Zamu Niliyokupa Ijumaa Ile

Kwako Rukia, mke mwenzangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakufikia huko Mombasa kwa mwanao, ukiwa katika afya njema. Mimi ni mzima, ila magoti, nayo nimekwisha kuyazoea.

Jana mjukuu wangu Asya alinisikilizisha sauti yako kutoka kwenye simu yake. Ulikuwa unacheka, na nyuma yako palikuwa na mwanamke mwengine anayecheka pia. Asya akaniambia, "Bi Rukia anatazama tamthilia ya polisi na mkwewe, mamake mume wa binti yake. Kila jioni, bibi. Wameshikana kama pete na kidole." Nilimrudishia simu yake, nikaenda kutia udhu ilhali udhu wangu ulikuwa haujatenguka.

Nakuandikia kwa sababu ya kicheko kile.

Unakumbuka ulivyoanza kuja kwangu. Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa tukipelekeana salamu na sahani za futari tu, wewe ukiwa Ng'ambo, mimi huku Mji Mkongwe, na mume wetu katikati, akizigawa siku zetu kwa uangalifu uleule aliozitengenezea saa za watu kibandani kwake. Siku mbili kwako, siku mbili kwangu, kuanzia magharibi. Hakupata kukosea hata mara moja, na mimi nilihesabu. Nilijua ulipika nini kwa harufu ya kanzu yake. Nilijua alicheka kwako, kwani akija kwangu alikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kucheka.

Kisha mwanangu akaniletea televisheni, ikaanza ile tamthilia ya hospitali, ya daktari mwenye mvi anayewasaidia polisi kuwatafuta wauaji. Jumatano moja ulileta sahani ya mkate wa kumimina, ukasimama mlangoni, macho yako yakaganda kwenye kioo. Nikakwambia, "Karibu ukae, mwenzangu, usitazame umesimama kama mgeni wa msiba." Ukakaa upande wa kulia wa mkeka, na upande ule ukawa wako.

Sikuwahi kukwambia nilivyoteseka pale. Mimi nimesomesha Qur'ani watoto wa mtaa huu, na watoto wao. Nimesoma fiqhi, nimesoma mirathi, naweza kugawa urithi wa ukoo mzima bila ya karatasi. Wewe uliacha skuli ukiwa mdogo. Lakini kila Jumatano, chai haijapoa, ulikuwa umekwisha kumjua muuaji.

"Ni yule muuguzi, Bi Mkubwa."

"Muuguzi gani? Yule analia!"

"Ndiyo. Analia, lakini mikono haimtetemeki."

Na akawa ni muuguzi. Ulijifunza mpaka kushika mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo, ukanishika mimi ukasema, "Moyo wako unakwenda mbio, Bi Mkubwa. Una hasira na nani?" Nikacheka. Nilikuwa na hasira nawe.

Najua wivu si jambo geni. Hata katika nyumba ya Mtume, iliyokuwa bora kuliko nyumba zote, sahani ilivunjwa kwa wivu, na vipande vikaokotwa kwa upole. Nimewafundisha wanafunzi wangu kisa hicho mara nyingi. Sikujifundisha mwenyewe.

Sasa nikueleze kuhusu Ijumaa ile.

Jumatano iliyotangulia ulinyanyuka, ukajifunga buibui lako, ukasema, "Huyu nshamjua. Lakini sikwambii mpaka mwisho." Na kipindi cha mwisho kilikuwa kioneshwe Ijumaa alasiri. Ijumaa mume wetu hafungui kibanda, na Ijumaa ile ilikuwa zamu yangu. Akiwapo nyumbani, televisheni hufungwa. Nawe ukajua hutaweza kuja.

Nikakupa zamu yangu. Nilikwambia magoti yananiuma na ninataka kukaa peke yangu na msahafu. Nilikukumbusha kwamba mmoja katika Mama wa Waumini, wake za Mtume, alimpa mwenzake siku yake, na kwamba jambo hilo lina fadhila. Ukanibusu mkono. Ukanitazama, na mdomo wako ukatikisika kidogo, ukasema, "Haya, Bi Mkubwa. Basi utanihadithia."

Rukia, nilikudanganya kwa kutumia dini. Magoti yangu hayakuwa na kitu. Nilitaka kumjua muuaji kabla yako, mara moja tu katika umri wangu. Nilitaka uje Jumatano uniulize, nami nikuhadithie taratibu, kama unavyomsomesha mtoto alifu. Kwa ajili ya hilo nilimtoa mume wangu nikakupa wewe, mimi niliyehesabu kila siku yake.

Ijumaa alasiri ikafika, na washukiwa wanne walikuwa wamesimamishwa katika chumba cha wagonjwa. Inspekta akaanza kuinua mkono kumwonesha muuaji. Hapo mlango ukagongwa.

"Hodi! Bi Mkubwa! Toka upesi, Mzee hali yake si nzuri!"

Alikuwa jirani yako Mwanaisha, niliijua sauti yake. Na mimi nikajibu: "Ngoja."

Neno hilo moja. Lilichukua muda gani? Muda wa mkono kuinuka, nao haujafika. Mwanaisha akagonga tena, ndipo nikapata akili, nikatoka hata viatu sikuvaa.

Nilipofika kwako ulikuwa umeketi kichwani pake, vidole vyako viwili juu ya mshipa wake kama alivyotufundisha yule daktari wa tamthilia, na mdomo wako sikioni mwake, ukimsomea shahada. Ukainua uso. "Hivi sasa hivi, Bi Mkubwa," ukasema. "Hivi sasa hivi tu."

Nilimlilia mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini chini ya kilio kile palikuwa na jengine. Ile shahada ilikuwa yangu kumsomea. Mimi ndiye mwalimu. Ile siku ilikuwa yangu. Nikakuonea wivu mbele ya maiti.

Kisha tukaingia eda, kila mmoja katika nyumba yake, miezi minne na siku kumi, bila ya kuonana. Nilitia nia ya kuja kwako siku ya kutoka. Nilikuta mwanao amekwisha kukuchukua.

Televisheni nimeifunika kwa khanga ile uliyonipa Iddi. Asya ananiambia, "Bibi, kipindi chenyewe kimo simuni, nikuoneshe ni nani aliyeua?" Nimemkataza. Amesema mimi ni mkaidi. Nimemwambia ninamsubiri mtu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba wivu wangu ulikuwa juu ya mume. Jana, niliposikia unacheka na yule mkweo, nikaujua ule moto, ni uleule. Ila mume hayupo tena wa kugombaniwa. Ninamwonea wivu mwanamke nisiyemjua kwa sababu amekaa kushoto kwako.

Ninakuomba radhi kwa Ijumaa ile, kwa uongo na kwa "ngoja". Na ninakuomba uje. Upande wa kulia wa mkeka haujakaliwa na mtu. Tutaifunua televisheni, na Asya atatuwekea kipindi kile, nawe utamtaja muuaji kabla ya mkono kuinuka, nami sitabisha.

Kisha, kama mume wetu alinitaja mwishoni mwake, utaniambia. Na kama hakunitaja, nimiminie chai tu, tuendelee kutazama. Wewe huwajua watu kwa mikono yao. Nami nitaitazama mikono yako.

Wassalamu alaykum.

Ni mimi, mke mwenzako,
Bi Mkubwa