Mchanga Alioukanyaga Mama

Moraegol, Gangwon
18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Sun-ok,

Hujambo huko Osaka? Goti linaendeleaje, na shemeji ameacha sigara au bado anakudanganya? Mimi mzima, ila kichwa kinanizunguka.

Uliniandikia tukubali kaburi la Mama lihamishwe kabla bahari haijalifikia. Nilikuwa tayari kukubali. Tangu lijengwe gati la makaa ya mawe, mchanga wa pwani unaliwa na mawimbi kila mwaka. Sisi wazee tumepiga kelele mpaka tumechoka.

Sasa wamekuja wasichana kutoka Seoul. Wanampenda mwimbaji mmoja, Taeyul, aliyewahi kupigwa picha kwenye vichanja vyetu vya kuanikia ngisi. Kila mmoja ana kadi ya picha hiyo. Huiinua mbele ya jicho na kusogea huku na huku mpaka miamba ya kwenye kadi ilingane na miamba yenyewe. Nilidhani wana wazimu. Kumbe hawakuweza kulinganisha, kwa sababu mchanga aliokalia kijana wao haupo tena. Walikasirika kama wameibiwa nyumbani! Wamekusanya saini mpaka kutoka nchi nisizozijua, wakazipeleka mkoani ili gati lisirefushwe kama ilivyopangwa.

Nilimuuliza kiongozi wao, Da-som, "Na huyo kijana wenu akioa, mtakuja tena?"

Akacheka. "Bibi, yuko jeshini, na kundi lake la muziki lilishavunjika! Hata hajui kama tuko hapa."

"Sasa mnamfuata nani?"

"Hata sisi tunajiuliza. Labda kabichi yako ya kimchi, bibi."

Sun-ok, sielewi. Nafurahi, halafu naona uchungu. Kwa nini mchanga wetu ulihitaji sura ya kijana ndipo uonekane?

Jana Da-som aliniomba ile picha ya Mama akianika ngisi. Akaiinua mbele ya jicho, akaanza kumwelekeza mwenzake: "Sogea. Bado. Sogea tena." Yule binti aliingia baharini na nguo zake, anatetemeka na kucheka, mpaka maji yakamfika kiunoni.

"Hapo hapo! Bibi, mama yako alisimama hapo."

Nililia mbele yao bila aibu.

Karatasi ya kuhamisha kaburi sijaitia saini. Sijui kama nina akili au nimeambukizwa na watoto hawa.

Msalimie shemeji Masao na mwanao Yuri. Mbingu ziwatunze wote. Njoo kabla ya sikukuu ya Chuseok, tumfyekee Mama majani ya kaburini pale pale alipo.

Dada yako akupendaye hata usipojibu,
Bok-rye