Karatasi ya Chuo Niliyoitangaza Nusu

Mwanangu Bakari,

Nakusalimu kama tunavyowasalimu watu wa makaburini, ila wewe nakutaja kwa jina, maana nimekuzaa mimi. Na mwandiko huu ni wangu. Darasa la watu wazima nimelimaliza, na mwalimu kasema kwa mkono mzuri hakuna wa kunishinda. Zamani barua zako nilisomewa na mdogo wako Mwanaidi. Sasa nasoma mwenyewe, na bora nisingejua.

Unaikumbuka ile karatasi ya chuo? Ulikuja nayo likizo ya mwaka wa pili, ukaketi jikoni, nami nakuna nazi, ukanieleza anayotakiwa kuyajua mhandisi wa umeme kabla hajapewa shahada. Ajue hesabu. Abuni chombo, akijenge. Afanye kazi na wenzake. Aandike ripoti ieleweke hata kwa asiyekuwa fundi. Nikayashika, nikayatangaza kisimani, harusini, hata kwenye foleni ya duka la kijiji. Shangazi yako wa kisiwani Juani akanitania, "Wifi, huyo ni mwanao au ni serikali?" Nikamjibu, "Vyote viwili!"

Ndipo kijiji kikaletewa jenereta kuukuu, na mgeni wa wilaya anakuja kuizindua. Ikagoma kuwaka. Nikasimama mkutanoni, sikuulizwa na mtu: "Bakari wangu ataiwasha."

Ulikwenda kuitazama, ukarudi ukaniambia kwa upole, "Mama, waya zimeoza, na sina chombo cha kupimia. Hii sijafundishwa. Tungoje fundi."

Nami nikasema... neno hili nimeliandika mara tatu nikalifuta. Nilisema, "Kumbe miaka yote hii unakula wali wa serikali bure?"

Ulivaa shati, ukatoka. Mvua ilikuwa imenyesha, banda la mashine limejaa maji. Walikuleta mchana kweupe, wanaume wanne, umeme umekupiga, mguuni una kiatu kimoja.

Watu wanasema ni kudra. Kudra naikubali. Lakini mdomo ulikuwa wangu, mwanangu.

Baada ya hitma niliifungua ile karatasi. Nyuma uliniandikia Kiswahili kwa penseli, kila jambo na mstari wake. Wa mwisho nimeusoma kwa kidole, herufi baada ya herufi: ajue ujuzi wake unakomea wapi, na akatae kazi itakayodhuru watu. Na huo ulinieleza siku ile ile, nakumbuka. Mimi ndiye niliyeuruka. Haukuwa na fahari ya kutangaza kisimani.

Sasa Mwanaidi amechaguliwa kwenda kusomea umeme, huko huko Dar es Salaam ulikosoma wewe. Fomu inataka sahihi ya mzazi, na baba yako hashiki kalamu. Siku saba nimeilalia chini ya godoro. Jana akanijia, akasema, "Mama, kaka hakufa kwa kusoma." Akaishia hapo. Hakusema ulikufa kwa nini. Mtoto ana adabu.

Nimetia sahihi leo asubuhi.

Sikuahidi kunyamaza, unanijua. Nakuahidi hili: siku atakayosimama mbele ya watu akasema hajui, nitasimama ubavuni mwake niseme, "Mmemsikia. Ngojeni fundi." Na atakayecheka, atanitambua mimi ni nani.

Mola akupanulie kaburi, baba. Nisamehe.

Mama yako