Ufa wa Ukumbini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mama kaanguka! Mlangoni mwa jikoni. Kaigonga kwa mguu ndoo niliyoihamishia hapo asubuhi, kisha akateleza kwenye ile saruji iliyomeguka. Goti limevimba. Yeye anacheka, eti sakafu imemsalimia. Akivunjika nyonga je? Ndoo si kitu, kosa ni la sakafu. Nimeamua: tailizi nyumba nzima. Jikoni, ukumbini, vyumbani.

Mama hataki. Sakafu yake ina ubaya gani?

Tatizo sasa ni fundi.

Jumatano, 6 Agosti

Najim, mtoto wa mama mdogo, kashasikia. Kaja chai haijapoa. Fundi ni yeye, nahangaika nini na watu wa nje?

Nikaenda kuiona kazi yake, nyumba moja nyuma ya soko la samaki. Nikavua viatu mlangoni, nikapita. Subhanallah! Kila vigae vinapoungana kidole cha mguu kinagota. Mwenye nyumba akaniuliza kama nimechomwa na mwiba.

Nitamkataaje? Mama mdogo atanuna mpaka Ramadhani.

Jumamosi, 9 Agosti

Jirani yetu Shufaa kanielekeza Mbegani kwa dada yake, nikaone kazi ya fundi mmoja, Himid. Nimekwenda na Mama, kanishika mkono njia nzima, ni lile goti.

Jamani, ile sakafu! Nimefumba macho, nimetembea chumba kizima, sikuhisi hata palipoungwa. Laini kama sahani. Mama kasimama palepale mlangoni, mkono ukutani. Ingia basi, Mama! Akasema sakafu hii ni bubu. Bubu! Nilicheka peke yangu.

Tukiwa kwenye bajaji akasema afadhali Najim. Udugu tu huo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Najim kazi nampa Himid. Kanijibu, "Haya dada, umenipima kwa nyayo." Kaondoka, chai kaiacha.

Himid anaanza kesho kutwa. Na huyu naye akiniharibia?

Jumanne, 12 Agosti

Himid kaanza jikoni. Nimemganda kama kupe. Mwisho akasema kwa adabu, "Dada Thuwaiba, kapumzike, sakafu haikimbii." Anagongagonga kila kigae, anasikiliza, anaendelea. Kazi safi. Mbona situlii?

Mama kaniuliza mara tatu: ukumbini atafika lini? Na ule ufa je? Ufa mrefu wa ukumbini, naujua tangu mtoto, unatoka mlangoni mwa jikoni mpaka chumbani kwake. Nikamwambia utafunikwa, hatauona tena.

Hakula vizuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Jikoni kumekauka. Asubuhi Himid karuhusu tukanyage. Mama kaingia kuteleka chai, mimi niko ukumbini nafagia. Halafu:

"Thuwaiba, mlango uko wapi?"

Uko mbele yake! Wazi, jua limejaa tele. Mama kasimama katikati ya jikoni, mikono inapapasa hewa, kidole gumba cha mguu kinazunguka juu ya tailizi, kinatafuta. Kinatafuta ile saruji iliyomeguka.

Nikamshika. Mama, huoni?

"Naona mwanga."

Tangu lini?

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sikutaka uhangaike, mwanangu. Humu ndani nilikuwa najua njia."

Mwaka juzi! Ananipakulia wali, hadondoshi hata punje. Anakwenda kutawadha mwenyewe, alfajiri, peke yake. Na mimi nimetembea Bagamoyo nzima kutafuta fundi ambaye sakafu yake haihisiki!

Nimemtoa mpaka ukumbini. Mguu wake ulipougusa ufa, mkono wangu akauachia.

Nimejifungia chumbani. Nalia, naandika, sijui. Najim angeweka vigae vya kugota, Mama angejikwaa. Himid ataweka hivi, Mama atapotea. Tuache saruji? Na goti lile? Na hospitali ya macho — nilikuwa wapi mimi?

Himid anabisha hodi. "Dada, gundi nimeshaikoroga, inaganda. Nianze ukumbini?"

Namsikia Mama huko nje, anapita nyuma yake kwenda chumbani. Anatembea upesi kwenye ufa wake, sisikii mkono ukipapasa ukuta.

Himid anabisha tena.