Pale Wamelala Wazee

Kilwa Masoko,
Jumapili jioni

Dada Tumaini,

Shikamoo, na kamwene pia, nisije nikaonekana nimeshakuwa mtu wa pwani. Goti linasemaje na baridi ya huko Mufindi? Shemeji kile kifua kimepoa? Mimi mwili hauumwi, samaki nakula mpaka nachoka. Lakini roho imechafuka, dada. Nimeona niandike, maana kwenye simu nitafoka tu, na wewe utaanza kuniambia nipunguze sauti.

Kazi niliyoijia huku unaijua. Ni lile katapila lenye ngoma ya meno mbele. Linasaga mti umesimama, kuanzia majani mpaka kisiki, na kutandaza chenga zake chini. Halichomi wala haling'oi. Asubuhi unaona pori, jioni unaona uwanja, na mimi nilikuwa najisifu nalo sana, sikufichi. Tulipewa shamba la mikorosho lililotelekezwa miaka mingi, upande wa bara, mwenyewe anataka kupanda ufuta. Vichaka vilikuwa vimeimeza mikorosho hata shina huoni.

Alhamisi nikafika kwenye kichaka kimoja kinene, kina miti mikubwa katikati. Akatokea bibi wa kijiji cha jirani, Bi Somoe, kajitanda kanga, fagio mkononi. Nikazima mashine kwa adabu zote. Akaniambia, "Mwanangu, hapo usiguse. Pale wamelala wazee."

Wewe ni wa kwetu, hebu niambie ungesikia nini. Saa saba mchana, jua kali, kivuli kizuri. Kwetu mzee akilala kichakani saa hizo ni ulanzi umemwangusha, hakuna anayeuliza. Nikacheka. Nikamjibu, "Basi waamshe, bibi, mimi nina kazi."

Aliniangalia, akageuka akaenda zake. Mimi nikapiga honi mara tatu ili hao wazee watoke. Hakutoka mtu. Nikamtazama msimamizi wetu, Nangoma, ambaye alikuwa amesimama pale pale akisikia kila kitu. Akacheka na yeye, akanipungia mkono niendelee. Nikaingia. Haikufika hata saa moja, kichaka chote kikawa chini.

Nangoma ni mzaliwa wa huku huku, dada. Alijua. Huku mtu hataji makaburi ovyo akiwa amesimama karibu nayo, anasema wamelala wazee, na mtoto wa darasa la kwanza anaelewa. Nimekuja kuelezwa baadaye na mama anayetupikia, huku analia. Nilipomfuata Nangoma nilimkuta anakunywa chai, hana hata wasiwasi. Akaniambia, "Tungekizunguka kile kichaka tungepoteza siku nzima. Halafu wewe mwenyewe hukuuliza." Nilitamani kummwagia ile chai. Mtu anasimama, anaona mgeni anaingia kwenye makaburi ya watu wake mwenyewe, anacheka.

Na lile fagio nalo nimeelezwa. Mwezi wa mfungo umekaribia, na kabla haujaandama watu hawa husafisha makaburi yao kwa mkono. Wanafyeka majani, wanafagia, lakini miti mikubwa hawaigusi, kwa sababu mti ndiyo alama. Huyu yuko kwenye mkwaju, yule kwenye msufi. Bi Somoe ana mume pale, na mtoto wake wa kiume.

Ijumaa Nangoma akaniletea karatasi imeshachapwa. Inasema mimi dereva sikuonywa na mtu yeyote. Nisaini, nibaki na kazi. Ati ni kweli tupu, kwani bibi alitaja kaburi? Yaani mimi nisafike, na Bi Somoe aonekane mwongo mbele ya kijiji kizima. Sikusaini.

Jana tukaitwa kikao kwa mwenyekiti wa kijiji. Bi Somoe akaulizwa kama alinionya. Akasema ndiyo. Akaulizwa dereva alimjibu nini. Akainamia mkeka. Dada, alikuwa ananisitiri. Mimi niliyewatukana wafu wake, yeye ndiye anaona haya kulirudia neno langu. Nilisimama nikalisema mwenyewe, vile vile nilivyolisema. Watu waliguna tu. Nangoma alinidai ufunguo wa mashine kabla sijakaa.

Leo tangu alfajiri nilikuwa kule, nafagia na Bi Somoe. Chenga zinafika kwenye kifundo cha mguu, na mawe ya kichwani yamesagika humo humo. Alisimama mahali akasema, "Hapa ni mume wangu." Akasogea hatua tatu. "Au hapa. Basi pale ndiyo mwanangu." Kisha akarudi alipoanzia. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Fagia, mwanangu." Hajasema kama amenisamehe, na mimi sitamuuliza mara ya pili. Nina hasira na Nangoma, na huyo mwenye shamba asiyetia mguu hapa hata siku moja, na huu mdomo wangu unaotangulia mbele ya akili.

Kwa hiyo kazi sina, lakini sitaondoka mpaka tumalize kufagia. Usiniandikie maneno ya kunituliza. Mpe shemeji salamu zangu, na baba mdogo na watu wa nyumbani kwake. Mke wangu usimwambie lolote, nitampigia mwenyewe, asije akasikia kwa majirani.

Jambo moja nakuomba ulifanye wiki hii hii. Mwende na baba mdogo pale alipolala mama, mweke msalaba, mwandike jina lake lote. Kila mwaka tunaahirisha, tunasema ya nini haraka, sisi wenyewe tunapajua. Bi Somoe naye alikuwa anapajua.

Mdogo wako,
Festo