Finjani Iliyowekwa Chini

Wadi Ramu,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Kwa dada yangu Wadha,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na kile kikohozi cha Turfa kiwe kimekwisha, maana mara ya mwisho tulipozungumza kwenye simu alikuwa anakohoa kuliko anavyosema. Huku sisi tu wazima, ila uchovu. Mama anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo. Kaka Atiq naye anakusalimu. Amenenepa, na hataki aambiwe.

Najua utashangaa kuona nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba yetu unaijua. Baba anashinda barazani, na kadiri macho yanavyompungua ndivyo masikio yanavyozidi kuwa makali. Hata nikijificha nyuma ya zizi la mbuzi kukupigia, nikirudi ananiuliza Wadha kasemaje. Kwa hiyo naandika, na barua nampa mwenye lori anayevuka mpaka kuja huko Tabuki. Utamjua kwa kelele za lori lake.

Ujumbe wako ulifika. Ulisema mimi na Atiq ni wanaume wa masharubu tu, na kwamba kama tunashindwa kumchukulia mzee ufunguo wa gari, utakuja mwenyewe uutupe kisimani kabla hajaua mtoto wa watu. Sikukasirika. Nimechoka mno kukasirika, na tena umesema kweli. Lakini baba unamjua. Atiq alijaribu. Alikwenda kwa upole, akamwambia mtu akishafika umri wake apumzike, vijana washike usukani. Baba akamuuliza kama yeye amekufa na watu wamesahau kumpa taarifa. Atiq akarudi kwangu akasema safari nyingine niende mimi, yeye ana watoto wa kulea.

Na kumpokonya kwa nguvu, nani aanze? Huku hakuna mtoto aliyemvua baba yake hatamu mkononi akabaki na uso wa kuonyesha watu.

Tangu uolewe kazi hii imebadilika, kwa hiyo acha nikueleze siku yetu inavyokwenda. Asubuhi wageni wanashuka kwenye basi na kofia mpya na mafuta meupe puani. Nasimama mbele yao nawaeleza watarajie nini. Nawaambia kwanza tutapunguza upepo kwenye magurudumu ili gari lisizame mchangani, wasidhani ni pancha. Watarajie kurushwarushwa, mwenye mgongo mbovu aseme mapema. Watarajie chai yenye sukari nyingi kila tutakaposimama, wala wasiikatae. Watarajie michoro ya kale kwenye miamba, waitazame bila kuishika. Kilima cha mchanga kinapandwa kwa miguu, na kila ukipanda mchanga unakurudisha. Mchana ni moto, jua likizama ni baridi ya kutafuta blanketi. Jioni ni nyama ya kufukiwa mchangani na makaa yake. Choo ni nyuma ya mwamba wowote usio na mtu. Halafu wanauliza nyoka, halafu wanauliza mtandao. Kila siku nyoka, kila siku mtandao. Mke wangu anasema siku hizi nawajibu hata nikiwa usingizini.

Mwisho kabisa nawaambia dereva wao ni baba yangu mzazi, amezaliwa hapa hapa, na njia anaijua hata akifumba macho. Wanacheka, wanapiga makofi. Nikifika hapo ulimi unakuwa mzito, lakini nasema, maana baba amesimama pembeni anasubiri nimsifu.

Daktari wa Akaba alituita mimi na Atiq pembeni akatuambia ni presha ya macho, na sehemu iliyokwisha kufa haifufuki. Baba anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kulia na kushoto hana kitu. Alipotoka kwa daktari alimwambia mama kwamba amepewa dawa ya matone na macho yake ni ya kijana. Sisi tukaitikia. Miaka miwili sasa tunaitikia.

Basi tukabuni ujanja wetu, bila hata kuuzungumza sana. Mimi nakaa mbele na baba, na njia nzima nasema. Nasema naona ngamia wa Difallah wamelala kushoto leo. Nasema ule mwamba wa kulia umeangusha jiwe kubwa, mtu asipoangalia litamchuna. Nasema kama mtu anayepiga soga, na baba anasikia, mikono yake inazungusha usukani. Safari nyingine ninaongea mpaka koo linakauka na wageni wananitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Baba amenigombeza mara nyingi. Anasema nimekuwa na mdomo kama muuza vitunguu, nisipofunga kinywa wageni hawatausikia ukimya walioulipia. Namwambia nisamehe baba, halafu namwambia kuna mbuzi wanne wanavuka.

Jumapili iliyopita tulipakia mama mmoja wa Kiholanzi, Bi Hanneke, mwalimu mstaafu, pamoja na shoga zake wawili. Watu wazuri, wa kucheka. Ilikuwa safari yetu ya pili siku ile, na usiku wake mtoto alinikesheza kwa meno. Baada ya chakula cha mchana, joto lile, gari linabembea, nikasinzia. Sijui ni kwa muda gani. Najua nilifungua macho nikaona msichana wa msafara mwingine amechuchumaa mchangani chini ya mwamba, upande wa kulia, anafunga kamba ya kiatu, na gari la baba linapinda kumwendea yeye, na baba ametulia tuli anaimba kwa pua.

Usukani sikuushika. Hata pale, dada, mkono ulikataa. Nilisema kwa sauti kubwa, baba simama, wageni wanataka kupiga picha. Akakanyaga breki. Yule msichana alianguka kwa nyuma, akainuka na kiatu kimoja, akakimbilia kwa wenzake. Baba akaniuliza picha ya nini, hapa pana nini cha kupiga. Nikashuka nikajifanya naonyesha milima.

Jioni tukafika kambini. Baba akapika kahawa mwenyewe kama kawaida yake, na iliki yake, na binamu yake Mzee Mteir alikuwa amekuja kutusalimia, wazee wenzake wawili pia. Baba akamimina, akaanza na mgeni. Bi Hanneke akaipokea finjani kwa mkono wa kulia kama nilivyomfundisha, akainusa, akatabasamu, akaiweka chini kwenye zulia bila kuionja.

Unajua kilichotokea. Kikao kizima kikajua mgeni ana haja. Mzee Mteir alikuwa anatafuna tende, akaacha. Mara ya mwisho finjani kuwekwa chini mbele ya baba ni siku ile walipokuja kukuposa, shemeji na wazee wake wakakaa na kahawa zinapoa mbele yao, hawakunywa mpaka baba alipotamka kwamba haja yao wameipata. Sasa leo mwanamke wa Kizungu ameweka yake chini, mbele ya mashahidi, na amekaa anamtazama baba usoni kwa heshima zote.

Baba akaweka birika pembeni, akanyoosha mgongo. Akasema, kunywa kahawa yako, mgeni wetu, ulilolijia umelipata. Halafu akanigeukia akaniambia nimuulize anataka nini. Mzee Mteir akanong'ona, na unamjua Mteir kunong'ona kwake, kwamba kama ni yule ngamia mweupe basi binamu yake Swailim amekwisha, na kama anamtaka Swailim mwenyewe, amchukue tu na hati zake. Wazee wakacheka ndevuni.

Nikainama nikaongea na Bi Hanneke. Halafu nikainua kichwa, nikamwambia baba kwamba mgeni anashukuru, na haja yake ni moja. Anaomba tangu leo mzee asishike tena usukani. Akae nyuma na wageni awasimulie habari za nchi yake, waendeshe wanawe, kwa sababu leo pale mwambani alimwogopea.

Baba akaupapasa mfuko wa kanzu, akatoa ufunguo, akautafuta mkono wa yule mama kwa vidole vyake, akamwekea ufunguo kiganjani. Akasema haja yake ni ndogo, yeye alidhani ataomba ngamia. Watu wakacheka, na kikao kikaendelea. Bi Hanneke akanywa kahawa yake nilipomsihi. Ufunguo alidhani ni zawadi ya kumbukumbu, akautia mkobani, na sasa uko Uholanzi. Baba amekataa uulizwe, anasema kilichotolewa kimetolewa. Atiq anaendesha kwa ufunguo wa akiba.

Kijiji kizima kinamsifu. Wanasema Swailim ni mtu wa zamani kweli, ameombwa jicho lake na mgeni akalitoa bila kupepesa. Mama alilia kwa furaha jikoni. Hata mimi usiku ule nililala kama maiti, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Sasa nikuambie wewe, na uyashike moyoni. Bi Hanneke hakuomba kitu. Nilipomwinamia alinambia kahawa jioni inamkosesha usingizi, je, mzee atakasirika asipoinywa? Hayo tu. Na kule mwambani hakuona lolote la kuogopa. Alidhani ni michezo ya madereva ya kuwatia wageni mshtuko. Njiani alikuwa ameniambia hapo ndipo alipofurahi kuliko pote. Yale maneno yote niliyoyapeleka kwa baba ni yangu. Nilimwona amekwisha kutoa ahadi mbele ya Mteir, mlango umefunguka wenyewe, nikapita. Sikufikiri. Nilikuwa nimechoka, Wadha, na yule msichana alikuwa bado yuko machoni mwangu na kiatu chake kimoja.

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani kwa uwongo mmoja nimeokoa watu na heshima ya mzee pamoja. Leo asubuhi nilikuwa najaza upepo magurudumu, baba akaja na mkongojo wake akakaa kwenye ngazi. Akaniuliza kama yule mama aliyaona macho yake ndani ya gari au alipofika kambini. Nikasema ndani ya gari. Akatikisa kichwa. Akasema, basi mtu wa nchi ya mbali amekaa na mimi mchana mmoja, ameona sioni. Na ninyi mnaokula na mimi sinia moja kila siku ya Mungu, hamna hata mmoja aliyenitazama usoni akajua.

Nilikuwa nimeshika pampu. Niseme nini? Nikimwambia tuliona, tena tuliona kabla yake, ataniuliza kwa nini basi tulimwacha akabeba watoto wa watu. Nisipomwambia, anabaki akidhani amezeeka kati ya watu wasiomtazama. Nikaendelea kupiga upepo. Akangoja, akaona sijibu, akasema Wadha angekuwepo angemwona. Akainuka akarudi barazani, na leo hajagusa chakula.

Kwa hiyo dada, mwombe shemeji ruhusa, mwambie ni baba, usimweleze zaidi. Panda hilo hilo lori litakalokuletea barua, uje. Ukae naye peke yako, umwambie wanawe walimwona, walimwona kila siku, wakamwogopa. Kwako atalipokea, hata akikufukuza barazani atalipokea. Umwambie na habari ya mgeni, kwamba maneno yalikuwa yangu, halafu akitaka kuniita na aniite, nitakwenda. Mimi siwezi kuanza. Kazi yangu imekuwa kusema maneno ya watu wengine, na nimechoka nayo.

Nibusie watoto, Turfa mwanzo. Msalimie sana shemeji na wakwe zako wote, na umwambie mama mkwe zile dawa za magoti mama yetu amezipokea na anazisifia kwa majirani. Ukija njoo na nguo nzito, baridi imeanza kuingia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi ndugu yako akupendaye,
Mufleh